Alama kwenye beseni: namna ya kuuondolea sumu unga wa makopa

Nilikuwa darasa la tano, huku kwetu Newala, siku dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliposhindwa kuinuka kitandani. Usiku alilala mzima. Alisonga ugali wa makopa, yaani muhogo uliopasuliwa na kuanikwa, tukala, akaosha vyombo. Asubuhi miguu ilikuwa imekaza kama mchi, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Hakuwa na homa, hakuanguka, hakuumwa na nyoka. Majirani walisema amerogwa, na kuku wawili wa mama mkubwa wakaishia kwa mganga. Leo dada ana watoto watatu na anatembea kwa ncha za vidole, fimbo mkononi. Hali yake haijazidi wala kupungua tangu asubuhi ile.

Ugonjwa ule unaitwa konzo. Nilikuja kulijua jina hilo nikiwa chuoni nasomea ualimu wa baiolojia, tena kwa mistari minne tu ya kitabu, katika mada ya upumuaji wa seli. Niliisoma mara tatu, kisha nikatoka nje ya maktaba nikakaa kwenye ngazi. Kumbe kilichompata dada kilikuwa na maelezo, na kinga yake ilikuwa beseni la maji.

Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote anayepika ugali wa muhogo mchungu, au anayemnunulia mama yake unga huo gulioni. Kazi yenyewe ni dakika kumi za mikono na muda wa saa mbili wa kusubiri. Nimewaonyesha akina mama wengi kijijini, na nimejifunza jambo moja: asiyejua kwa nini anasubiri, hasubiri. Watoto wakianza kulia njaa, unga unarudi jikoni kabla ya wakati. Kwa hiyo tuanzie ndani ya mwili, halafu tushike beseni.

Bwawa lililo ndani ya seli

Karibu kila seli ya mwili wako ina mitokondria, isipokuwa chembe nyekundu za damu. Seli moja ya ini inaweza kuwa nazo elfu moja hadi elfu mbili. Kila mitokondria imezungukwa na tando mbili, na ule wa ndani umekunjwakunjwa kama sketi ya marinda ya mwanafunzi. Kwenye marinda hayo ndiko nguvu yako inakotengenezwa.

Wanafunzi wangu nawapeleka kwanza Rufiji, kwa maneno. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, uwezo wake kwa jumla ni megawati 2,115. Maji yamejaa upande mmoja wa ukuta, yanataka kushuka, na njia yaliyoachiwa ni kupita kwenye mtambo. Yakipita, mtambo unazunguka, umeme unapatikana. Mitokondria inafanya hivyo hivyo, ila badala ya maji inajaza protoni, yaani viini vya hidrojeni.

Nani anazipandisha protoni hizo nyuma ya ukuta? Hapo ndipo ugali unapoingia. Wanga wa muhogo ukishameng'enywa unakuwa glukosi. Seli inaivunja glukosi vipande, na mitokondria inavinyang'anya vipande hivyo elektroni zake. Elektroni zinapokezanwa kutoka protini moja kwenda nyingine, kama watu wanavyopokezana ndoo za maji nyumba inapoungua. Katika mstari huo kuna pampu tatu. Elektroni zinapopita kwenye kila pampu, zinatoa nguvu inayosukuma protoni kwenda upande wa pili wa marinda. Zikijaa huko zinataka kurudi, na zinaporudi zinapita kwenye kimashine kinachozunguka. Kinazunguka kweli, wala si lugha ya mfano: mwaka 1997 watafiti wa Japani walikibandika uzi mdogo unaong'aa, wakauona kwa darubini ukizunguka. Kila mzunguko unatoa molekuli tatu za ATP, kemikali inayobeba nguvu ya seli.

Mwingereza Peter Mitchell ndiye aliyetoa wazo hili la bwawa, mwaka 1961. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka, kwa kuwa wao walikuwa wakitafuta kemikali fulani ya kati ambayo haikuwepo. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978.

Na hiyo ATP? Darasani naifananisha na LUKU ya mtu anayenunua uniti kidogo kidogo. Mwili wako wote una takribani gramu 50 tu za ATP kwa wakati mmoja, ujazo wa kiganja. Inatumika, inachajiwa, inatumika tena, mamia ya mara kwa siku. Hakuna akiba ya kuwekwa ghalani. Bwawa likisimama, uniti zinakata papo hapo.

Sasa angalia mwisho wa ule mstari wa ndoo, kwa sababu sumu ya muhogo, sianidi, inagonga pale. Mtu wa mwisho lazima awe na mahali pa kuimwaga ndoo. Mahali hapo ni oksijeni. Inazipokea elektroni, inaungana na protoni, yanapatikana maji. Oksijeni yote ambayo mwili wako umeitumia tangu kuzaliwa, sehemu kubwa kabisa imekwenda kufanya kazi hiyo moja. Protini inayomkabidhi oksijeni mzigo huo inaitwa saitokromu oksidezi, na katikati yake ina madini ya chuma. Oksijeni inakaa kwenye chuma hicho.

Sianidi inakaa kwenye chuma hicho hicho.

Ikishakaa, oksijeni haina nafasi. Mtu wa mwisho anabaki na ndoo mkononi, wa nyuma yake vilevile, mstari wote unaganda. Pampu zinasimama, bwawa linakauka, mtambo unatulia. Mapafu yanafanya kazi, damu imebeba oksijeni tele, lakini seli haiwezi kuitumia. Ndiyo maana hata damu inayorudi kwenye moyo inabaki nyekundu ya kung'aa. Seli inajaribu kujiokoa kwa kuvunja sukari bila oksijeni, na kwa njia hiyo inapata ATP 2 kwa kila glukosi, wakati mitokondria ingefikisha kama 30. Ubongo ndio wa kwanza kulia. Uzito wake ni asilimia 2 ya mwili, lakini mtu akiwa ametulia unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote. Kwa hiyo dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, tumbo kusokota, mwili kulegea, mara nyingi ndani ya saa chache baada ya kula.

Hayo si ya vitabuni peke yake. Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu waliokula chakula cha unga wa muhogo msibani walianza kuugua, na wengine wakaugua majumbani kwa unga uliotoka kwa msambazaji huyo huyo. Waliohesabiwa walikuwa 98, wawili wakafariki. Sampuli za unga zilipopimwa, wastani ulikuwa miligramu 88 za sianidi kwa kilo. Kiwango salama kilichowekwa na WHO na FAO, mashirika ya afya na chakula ya Umoja wa Mataifa, ni 10.

Konzo yenyewe huja kwa mlango mwingine. Ni dozi ndogo ndogo, wiki kwa wiki, kwa mtu ambaye chakula chake karibu chote ni muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka, na mboga yenye protini haipo. Siku moja neva zinazotoka kwenye ubongo kuongoza miguu zinaharibika, na haziponi. Namna hasa zinavyoharibiwa bado wanasayansi wanabishana, lakini mazingira yanayoileta yanajulikana vizuri: ukame, vita, njaa. Daktari Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na jina ni la Wayaka wa huko, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kutoka kwetu, ambako ugonjwa huu wanauita mantakassa, zaidi ya watu elfu moja walipooza. Tarime ilipata yake baada ya ukame wa 1985. Mtwara na Ruvuma zamu yetu ikawa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Muhogo unabeba sumu na dawa yake

Habari njema ni kwamba ndani ya muhogo mzima hakuna sianidi iliyo huru. Kuna linamarini, yaani sianidi iliyofungwa kwenye sukari, imehifadhiwa ndani ya seli za mmea. Pembeni, kwenye kuta za seli, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarazi. Viwili hivi havikutani mpaka seli ipasuke. Panya akitafuna, vinakutana, sianidi inaachiwa, panya anajuta. Ni ulinzi wa mmea.

Ndiyo maana simwambii mtu aache kupanda muhogo mchungu. Bibi yangu alikuwa na sababu zake. Nguruwe pori na nyani hupita shamba la mchungu wakaenda kumaliza la mtamu, na mchungu unakaa ardhini mpaka uuhitaji. Katika nchi ya mchanga na mvua za kubahatisha kama hii, hiyo ni ghala.

Sisi tunautumia ulinzi huo kwa faida yetu. Tunapasua seli makusudi, kimeng'enya kinaikata linamarini, sianidi inaachiwa, nayo inachemka kwenye nyuzi joto 26 tu za Selsiasi. Joto la kawaida la mchana wa Newala linatosha kuipeleka hewani. Kinachotakiwa ni vitu vitatu: seli zilizopasuka, maji, na muda. Kosa karibu kila moja ninaloliona jikoni ni kukosekana kwa kimojawapo.

Kuloweka muhogo kwenye maji siku tatu hadi tano, mpaka ulainike, ndiyo njia ya zamani iliyo bora. Vinavyovunda majini vinapoteza sumu karibu yote. Wenzetu wa Kongo wamejaliwa mito, wanaloweka. Sisi juu ya uwanda wa Makonde maji tumeyatafuta kwa shida vizazi na vizazi. Nani ataloweka muhogo siku nne kwa maji aliyoyabeba kichwani kutoka bondeni? Kwa hiyo tunamenya, tunapasua, tunaanika, tunapata makopa. Tatizo ni kwamba kipande kikubwa kinachokauka juani, seli zake nyingi hazijapasuka, na kikishakauka kimeng'enya kinasimama kazi kwa kukosa maji. Robo mpaka theluthi ya sumu inabaki ndani ya kopa. Mwaka wa mvua nzuri unaweza usione madhara. Mwaka wa ukame mmea wenyewe unaongeza linamarini, na hapo ile robo inatosha kumuumiza mtoto.

Halafu kuna njia ya mkato, chinyanya: kutwanga muhogo mbichi, kuanika, kutwanga tena, unga ukaliwa siku hiyo hiyo. Njaa ndiyo inayoifundisha, na simlaumu mama anayeitumia. Namwomba tu aongeze hatua ninayoieleza hapa.

Shika beseni

Njia hii ilibuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na wenzake, katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, na ikajaribiwa Msumbiji. Kijiji cha Kay Kalenda huko Kongo, kilichokuwa na wagonjwa 34 wa konzo, kiliianza mwaka 2010. Akina mama waliifanya kila siku, na hakukutokea mgonjwa mpya. Haihitaji kifaa chochote cha kununua.

Chukua unga wa makopa uliokwisha kusagwa au kutwangwa na kuchekechwa, kiasi cha kutosha mlo wa siku hiyo. Umimine kwenye beseni au sufuria, uusawazishe kwa kiganja bila kuukandamiza. Kwa upande wa ndani wa beseni, weka alama usawa wa unga unapoishia. Mkaa unatosha. Mama yangu amekwaruza kwa msumari, kwa sababu kila siku anapika kiasi kile kile, na beseni lake la bluu limekuwa na mstari mmoja mweupe usiofutika.

Anza kuongeza maji kidogo kidogo huku unachanganya kwa mkono. Hapa wengi wanashangaa: unga unashuka. Hewa iliyokuwa katikati ya chembe inatoka, unga unajibana, unaenda chini ya alama. Usiogope wala usiache. Endelea kuongeza maji na kuchanganya, na taratibu utaona unapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, acha maji. Ushike kiganjani uukamue: unashikana kama mchanga wa ufukweni baada ya wimbi kurudi, lakini hautoi tone. Hiyo ndiyo hali unayoitaka. Ukiwa mkavu zaidi ya hapo kimeng'enya hakifanyi kazi vizuri. Ukiwa uji, sianidi inanaswa ndani ya maji badala ya kwenda hewani, na pia utapata shida kuutandaza.

Utandaze juu ya mkeka safi, turubai, sinia au ungo mpana. Unene usizidi sentimita moja. Mimi napima kwa kucha ya kidole cha shahada: nikichomeka kidole, unga usiifunike kucha yote. Uache juani muda wa saa mbili, mathalani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Kama hakuna jua, uache kivulini muda wa saa tano. Uwe mahali penye hewa inayopita, si chumbani mlango umefungwa, maana kinachotoka pale ni ile sumu yenyewe. Kiasi ni kidogo, ila hakuna sababu ya kulala nacho.

Baada ya hapo, songa ugali kama kawaida. Utaona sufuriani yanahitajika maji kidogo kuliko ulivyozoea kwa sababu unga umeshalowa; punguza. Ugali unatoka laini zaidi na ule uchungu wa nyuma ya ulimi unapungua. Bibi alipouonja mara ya kwanza aliniuliza nimechanganya na unga wa mahindi kiasi gani.

Unga uliolowana upikwe siku hiyo hiyo. Usiurudishe kwenye debe ukidhani utaukausha kesho. Unyevu ndani ya unga unaita ukungu, na ukungu una sumu zake zinazoharibu ini.

Sasa hesabu, kwa sababu sitaki mtu adhani beseni ni uchawi. Kulowesha huku kunapunguza sianidi mara tatu hadi sita. Unga wenye miligramu 40 kwa kilo utashuka hadi kati ya 7 na 13, karibu kabisa na kiwango salama. Ule wa Kasese wa 88 ungeshuka hadi 15 mpaka 29, bado uko juu. Kwa hiyo beseni halifuti uzembe wa mwanzo. Menya ganda lote, lile la nje na lile jeupe nene la ndani, maana ganda ndilo lenye sumu nyingi. Pasua vipande vyembamba. Anika mpaka kopa livunjike kwa mlio mkavu. Kama unaweza, vunda kwanza: lundika vipande, funika kwa majani siku tatu nne mpaka viote ukungu, uukwangue ukungu wote, kisha uanike. Wanaovunda hivyo wanabakiwa na sumu kama nusu tu ya ile inayobaki kwa wanaoanika moja kwa moja. Beseni linakuja mwisho, juu ya kazi hizo.

Maji ya moto hayasaidii unavyodhani

Swali ninaloulizwa kila mara: kwani moto wa kusonga ugali hauui sumu? Moto unaua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Linamarini yenyewe inavumilia moto, inaingia tumboni ikiwa nzima, na huko bakteria wa utumbo wanaweza kuikata wakaiachia sianidi ndani yako. Ukiutia unga mkavu kwenye maji yanayotokota, umemfukuza mfanyakazi na mzigo ukabaki.

Kwa sababu hiyo hiyo, muhogo mtamu wa kuchemsha uuanze kwenye maji ya baridi, mengi, vipande vidogo, bila mfuniko, na maji ya kwanza uyamwage. Muhogo mchungu usichemshwe kabisa ukaliwa hivyo.

Kisamvu kina linamarini nyingi kuliko mizizi, lakini kina vimeng'enya vingi pia, na kinu kinafanya kazi nzuri ya kuvikutanisha. Twanga mpaka majani yawe rojo, yaache yapumzike muda wa saa mbili juani au tano kivulini, yasuuze mara mbili, ndipo yaende jikoni na nazi yako. Majani yaliyokatwakatwa kwa kisu tu na kutoswa kwenye maji ya moto siyali, hata nikiwa mgeni wa heshima.

Ufuta tunaoupeleka mnadani

Mwili nao unajitetea. Ndani ya mitokondria zile zile kuna kimeng'enya kinachochukua salfa, kikaiunganisha na sianidi, ikawa thiosianeti, ambayo haina ukali ule na inatoka na mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini, na hizo zinatoka kwenye protini ya chakula. Muhogo karibu hauna protini. Mtu anayekula ugali wa makopa kwa chumvi na mlenda asubuhi, mchana na jioni anaongeza sumu huku akipunguza dawa. (Thiosianeti nayo ikizidi inaizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto, kwa hiyo chumvi yako iwe ile yenye madini hayo.)

Dagaa, samaki, mayai, nyama, vyote vinasaidia. Kunde na mbaazi zinasaidia pia, ingawa methionini yake ni kidogo. Lakini kuna kitu kimoja kinaniuma kila msimu. Ufuta una methionini na sisteini kwa wingi kuliko nafaka na jamii ya kunde zote tunazozijua, na Lindi na Mtwara ndiko unakolimwa kwa wingi. Tunauvuna, tunaupepeta, tunaufunga kwenye magunia, tunaupeleka mnadani mpaka punje ya mwisho, kisha tunarudi nyumbani kula makopa na mlenda. Fedha ya ada na bati naijua umuhimu wake. Ninachoomba ni debe moja libaki nyumbani. Ukaange kidogo, uutwange, vijiko viwili vya chakula kwenye mboga ya kila siku. Nyumbani kwetu tunauchanganya kwenye mchicha badala ya karanga, na watoto hawajui tofauti.

Kuchanganya unga wa makopa na wa mahindi au mtama, nusu kwa nusu, nako kunapunguza sumu kwa nusu papo hapo, bila elimu yoyote.

Mtu akidhurika

Mtu akila muhogo, halafu ndani ya saa chache akaanza kutapika, kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kupumua kwa kasi, usimpe maziwa ukasubiri. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na mfuko wa unga uliobaki uende naye. Sema waziwazi kwamba amekula muhogo. Dalili zinafanana na malaria au chakula kilichochacha, na daktari asipoambiwa anaweza kutibu kitu kingine. Wote waliokula sufuria moja waangaliwe, watoto wakiwa wa kwanza.

Mtu akiamka miguu imekaza bila homa wala maumivu ya mgongo, kama dada, naye apelekwe siku hiyo. Neva zilizokwisha kuharibika hazitarudi, lakini mazoezi ya viungo mapema yanamsaidia kutembea vizuri zaidi, na nyumba nzima ianze kulowesha unga kuanzia mlo unaofuata, kwa sababu wote wamekuwa wakila kitu kimoja.

Wakati wa masika, jua likigoma siku nzima, dada yangu huulowesha unga wake asubuhi kabla ya kwenda shambani, anautandaza kwenye ungo mbili juu ya uchaga wa barazani, anafunika kwa kanga nyepesi kuzuia kuku. Akirudi saa tisa, muda umeshapita. Beseni lake amelitia alama mbili: ya chini ni ya siku za kawaida, ya juu ni ya siku wageni wakija.